Mkataba au Ajira ya Kudumu: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutia Saini

(Ifuatayo ni nakala ya mada iliyowasilishwa na Afisa Utumishi wa Halmashauri mbele ya watumishi wa mikataba wa vituo vya kutolea huduma za afya. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Nimepewa nafasi hii nizungumzie swali ambalo huletwa katika ofisi ya utumishi mara kwa mara. Muulizaji huwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni mkataba wa mradi wa miezi 12 wenye mshahara mnono. Ya pili ni barua ya kupangiwa kituo cha kazi Serikalini, kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Naye huuliza: nichukue ipi?

Sitamchagulia mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami silali katika nyumba zenu. Ninachoweza kufanya ni kuwapangia hesabu, kwa kuwa nimeona kwamba wengi wetu tunalinganisha tarakimu mbili tu, yaani mshahara wa huku na mshahara wa kule, kisha tunatia saini. Kumbe zipo tarakimu nyingine nne au tano ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi hizo, na ndizo zinazoamua maisha ya mtumishi na ya familia yake.

Tulikotoka

Huduma za upimaji, matunzo na tiba kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilipanuka sana nchini baada ya Marekani kuanzisha mpango wa PEPFAR mwaka 2003. Pamoja na dawa na vifaa, wadau watekelezaji walileta watumishi. Ndiyo maana katika kliniki zetu utawakuta watu wawili kwenye meza moja: mmoja ana cheki namba ya Serikali, mwingine ana mkataba wa mradi. Wote wanaandika katika rejista ileile na wanamhudumia mgonjwa yuleyule, wala mgonjwa hajui tofauti yao.

Tofauti hiyo ilijulikana mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, siku aliyoapishwa kwa muhula wa pili, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Ilipofika tarehe 1 Julai 2025, shirika la USAID lilikuwa limeacha kutekeleza miradi ya misaada. Katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, watumishi wa miradi ya afya walisimamishiwa kazi kabla mikataba yao haijafika mwisho. Aliyefanya kazi kwa bidii na aliyefanya kwa ulegevu waliondoka pamoja, kwa sababu uamuzi ule haukuhusu kazi yao.

Silitaji jambo hili ili kuwatisha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba muda ulioandikwa kwenye mkataba unalindwa na chanzo cha fedha kilicho nyuma yake. Mwenye kuchagua mkataba achague akiwa analijua hilo.

Kodi haitofautishi mkataba na ajira ya kudumu

Nianze na kodi, maana hapo pana dhana potofu. Wako wanaoamini kwamba mtumishi wa mkataba hukatwa kodi ndogo kwa kuwa kazi yake ni ya muda. Sivyo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mapato ya ajira ni mapato ya ajira. Haijalishi kama ajira hiyo ni ya miezi 6 au ya miaka 30. Mwajiri anakata kodi hiyo kila mwezi, ile ambayo sote tumezoea kuiita PAYE, na kuiwasilisha TRA.

Kwa Tanzania Bara, viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021 ni hivi: shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi. Sehemu inayozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, inayozidi 520,000 hadi 760,000 asilimia 20, inayozidi 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25, na yote inayozidi 1,000,000 asilimia 30. Mchango wa mtumishi katika mfuko wa hifadhi ya jamii huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe.

Tuchukue mfano. Mishahara hii ni ya kufundishia tu, kila mmoja ataweka ya kwake.

Muuguzi wa kwanza ana mkataba wa mradi wa shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 140,000. Zinabaki 1,260,000 za kukokotolewa kodi, na kodi yake ni 206,000. Anapeleka nyumbani 1,054,000.

Muuguzi wa pili ameajiriwa na Serikali kwa shilingi 980,000. Mchango wake wa PSSSF ni asilimia 5, yaani 49,000. Zinabaki 931,000, na kodi yake ni 110,750. Anakatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya, yaani 29,400. Anapeleka nyumbani 790,850.

Kwenye karatasi za ajira, tofauti yao ilikuwa 420,000. Mfukoni ni 263,150. Kodi imekula sehemu ya tofauti hiyo, kwa kuwa kila shilingi inayozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Hili ni somo la kwanza: usilinganishe mishahara ghafi, linganisha kinachofika nyumbani.

Jihadhari na mkataba wa "mtoa huduma"

Ipo karatasi ya tatu ambayo siku hizi inaletwa ofisini. Mwajiri anamwambia mtumishi: "Hatukuajiri, tunanunua huduma yako. Hatutakukata PAYE, tutakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 tu." Kwa shilingi 1,400,000 hiyo ni 70,000, na mtumishi anaondoka na 1,330,000. Anafurahi.

Furaha hiyo ina mwisho wake. Kodi ya zuio anayokatwa mtoa huduma mkazi ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka anapaswa kuwasilisha ritani na kulipa kilichobaki. Iwapo hana gharama za biashara za kuondoa, kodi yake kwa viwango vilevile nilivyovitaja ni 248,000 kwa mwezi. Amekatwa 70,000. Zinabaki 178,000 kwa kila mwezi, yaani 2,136,000 kwa mwaka, ambazo atadaiwa kwa mkupuo zikiwa zimekwisha kutumika.

Na baada ya kulipa, amepata nini? Mapato yake halisi ni 1,152,000 kwa mwezi. Amemzidi muuguzi wetu wa kwanza kwa shilingi 98,000. Lakini muuguzi yule anawekewa NSSF 140,000 zake na 140,000 nyingine za mwajiri, jumla 280,000 kila mwezi. Mtoa huduma hawekewi kitu, wala hana likizo yenye malipo.

Tena sheria haitazami jina la mkataba pekee. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaorodhesha alama saba za kumtambua mwajiriwa. Je, mtu huyo anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine? Yeye ni sehemu ya taasisi? Amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Anamtegemea mtu huyo kiuchumi? Anapewa vitendea kazi? Anamfanyia kazi mtu mmoja tu? Ikiwapo hata alama moja, sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Muuguzi anayepangiwa zamu, anayetumia vifaa vya kituo na kuripoti kwa mganga mfawidhi ana alama nyingi kati ya hizo. Karatasi ikimwita mshauri elekezi, kazi yake inasema jambo jingine.

Unapolipa kodi kama mwajiriwa, dai haki za mwajiriwa

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu. Anayekatwa PAYE ametambuliwa na dola kuwa mwajiriwa. Hawezi kuwa mwajiriwa siku ya kukatwa kodi, halafu akawa mgeni mpita njia siku ya kuugua. Kodi na haki za ajira ni sura mbili za uhusiano mmoja. Ukikuta hati yako ya mshahara ina PAYE lakini haina mchango wa hifadhi ya jamii, au mkataba wako hautaji likizo, ujue umepewa nusu yake ya maumivu na kunyimwa nusu yake ya manufaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inatambua mkataba usio na ukomo wa muda, mkataba wa muda maalumu, na mkataba wa kazi mahususi. Wote wenye mikataba hiyo ni waajiriwa. Sheria imeweka likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mwajiri anapaswa kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, mahali, saa, malipo, aina ya mkataba na muda wake.

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ni mzigo wa mwajiri. Ukiona mojawapo imekatwa kwenye mshahara wako, uliza. Kwa muuguzi anayeshika sindano au dereva anayesafirisha sampuli usiku, WCF si jambo dogo. Ndiyo inayomlipa anapoumia kazini au anapopata maradhi yatokanayo na kazi.

Lakini nisiwafiche mpaka wa haki hizo. Aliyetumikia chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, isipokuwa kama amemfanyia kazi mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ya muda huo ikazidi miezi 6. Kwa hiyo mikataba ya miezi mitatu mitatu itazamwe kwa makini, na kila mkataba wa zamani uhifadhiwe, kwani ndio ushahidi wa jumla hiyo.

Mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake ikifika. Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hakidaiwi kwa mkataba ulioisha kwa muda wake kufika. Kama mwajiri wako anatoa malipo ya mwisho wa mkataba, lazima yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, nayo ni mapato ya ajira yanayokatwa kodi. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Hata hivyo, sheria haikumwacha mtumishi mikono mitupu. Sheria hiyo ya mwaka 2004 iliweka kwamba kutohuisha mkataba kwa masharti yaleyale au yanayofanana nayo, pale ambapo mwajiriwa alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa, kunahesabiwa kuwa kuachishwa kazi. Matarajio hayo hayathibitishwi kwa hisia. Yanathibitishwa kwa barua, kwa ratiba ya kazi ya mwaka unaofuata, kwa mwenendo wa mwajiri. Mwenye mgogoro wa kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kuufikisha katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakisubiri kuitwa tena. Sheria hizi pia hurekebishwa, na marekebisho yalipitishwa hata mwaka 2025, hivyo atakayekwenda huko aombe kusoma toleo lililorekebishwa.

Kwa upande wa pili, mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini hulindwa na Sheria ya Utumishi wa Umma. Haondolewi bila utaratibu, ana haki ya kusikilizwa, na ana ngazi za rufaa, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma. Ulinzi huo hauonekani katika hati ya mshahara, ila una thamani.

Miezi ya katikati

Turudi kwa wauguzi wetu wawili. Wa kwanza anapeleka nyumbani 1,054,000, wa pili 790,850. Wote wakifanya kazi miezi 12 bila kukatika, wa kwanza atakuwa amepata 12,648,000 na wa pili 9,490,200. Mkataba umeshinda kwa 3,157,800.

Sasa tuseme mkataba umekwisha, na mpya umechelewa miezi 3 kwa sababu fedha za awamu inayofuata hazijaidhinishwa. Muuguzi wa kwanza amefanya kazi miezi 9. Amepata 9,486,000. Amezidiwa na mwenzake kwa shilingi 4,200.

Naomba tarakimu hiyo ikae mioyoni mwenu. Kwa mishahara hii, miezi 3 bila kazi katika mwaka inafuta faida yote ya mkataba, na mwezi wa nne unaigeuza kuwa hasara. Katika miezi hiyo mitatu kodi ya nyumba ililipwa, watoto walikula na ada ilidaiwa. Kwa kawaida miezi hiyo hujazwa kwa mkopo, na mkopo wenye riba huanza kula mkataba unaofuata kabla haujatiwa saini.

Kwa hiyo kila mmoja afanye hesabu hii: chukua tofauti ya fedha inayofika nyumbani kwa mwaka mzima, igawanye kwa mapato ya mwezi mmoja ya mkataba. Jibu ni idadi ya miezi unayoweza kukaa bila kazi kabla mkataba haujageuka hasara. Kisha jiulize kwa ukweli: katika miaka mitano iliyopita, nilikaa miezi mingapi nikisubiri? Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hata kwa miezi.

Uzee una hesabu yake

Kwa NSSF na PSSSF, jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara. NSSF mwajiri na mwajiriwa hugawana asilimia 10 kwa 10. PSSSF mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5. Ukitazama fedha peke yake, mtumishi wa mkataba wa mfano wetu hayuko nyuma. Kwa miezi 9 amewekewa 2,520,000, na mwenzake kwa miezi 12 amewekewa 2,352,000.

Lakini pensheni inadai pia miezi. Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni michango ya miezi 180. Anayechangia miezi 12 kila mwaka hufikisha idadi hiyo kwa miaka 15. Anayechangia miezi 9 kila mwaka huhitaji miaka 20. Kanuni iliyoanza Julai 2022 ilimpa mstaafu asilimia 33 ya mafao yake kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki ililipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mwenye miezi 179 hana pensheni hiyo.

Sasa weka hapo umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka waombaji wawe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale walioko kazini Serikalini. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kati ya 45 na 60 ipo miaka 15 kamili, yaani miezi 180. Anayeingia katika mlango huo siku za mwisho, bila michango ya nyuma, hana hata mwezi mmoja wa kupoteza. Anayeupita umri huo akiwa kwenye mkataba, mlango huo kwake umefungwa, hata awe na uzoefu mkubwa kiasi gani.

Kwa wale waliochangia NSSF kisha wakaingia Serikalini, msidhani miezi ya nyuma imepotea. Sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji katika mifuko tofauti kujumlishwa. Tunzeni namba zenu za uanachama, na kila mwaka mwombe taarifa ya michango. Mwajiri anaweza kukukata bila kuwasilisha, na ni rahisi kumfuatilia akiwa bado yupo wilayani kuliko baada ya mradi kufungasha virago.

Haki ya upande wa mkataba

Ningekuwa mkosefu wa haki kama ningesema ajira ya kudumu ni bora kwa kila mtu. Ina bei yake. Utapangiwa kituo ambacho pengine kiko mbali na mwenzi wako na watoto. Utakaa kipindi cha majaribio cha miezi 12. Kupanda cheo kuna foleni yake. Na usalama wenyewe una mtego: taasisi za fedha humkopesha kwa urahisi mwenye cheki namba, hata wapo watumishi wa kudumu waliobaki na theluthi moja ya mshahara. Huyo ameajiriwa kwa kudumu, lakini na deni lake nalo ni la kudumu.

Mkataba unaweza kuwa chaguo la busara kwa mtu ambaye mwenzi wake ana kipato cha uhakika, kwa kijana ambaye bado ana miaka mingi kabla ya 45 na anajifunza stadi inayotafutwa, au kwa aliyepata mkataba wa miaka kadhaa ambao fedha zake zimekwisha kuidhinishwa. Kwa hao nina ushauri mmoja: ile 263,150 ya kila mwezi msiihesabu kuwa mshahara. Kwa mwaka ni 3,157,800, karibu sawasawa na mapato ya miezi 3 ya mkataba. Hiyo ndiyo akiba ya miezi ya katikati. Mwenye kuitunza amejinunulia uhuru wa kusubiri. Mwenye kuila atakuwa amekula usalama wake kidogo kidogo.

Na kwa mwenye barua ya kudumu mkononi anayevutwa na mkataba mpya, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiuacha, uuache kwa hesabu, si kwa tamaa ya mwezi wa kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kalamu

Kwanza, je, mkataba huu ni wa ajira au wa kutoa huduma, na kodi inayokatwa inalingana na jina hilo? Pili, ni kiasi gani kitafika nyumbani baada ya makato yote, ikiwamo asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu? Tatu, mwajiri anachangia mfuko gani, na bima ya afya ni ya nani: yangu peke yangu, au pamoja na mwenzi na wategemezi, kama ilivyo kwa mtumishi wa umma? Nne, fedha za mradi zimeidhinishwa hadi lini? Tano, mkataba ukivunjwa kabla ya muda wake, unasema nini kuhusu taarifa na malipo? Sita, nina umri gani, na nina miezi mingapi ya michango hadi leo?

Asiye na jibu la swali mojawapo bado hajawa tayari kutia saini. Mwajiri mwema hatakasirika kuulizwa.

Ndugu Mwenyekiti, jambo hili linaihusu pia Halmashauri. Mtumishi wa mkataba anapoondoka ghafla, rejista ya wateja hubaki bila mtu anayeijua, na mgonjwa aliyezoea kuitwa kwa jina hukuta mlango umefungwa. Kwa sababu hiyo tunawaomba wadau wote wanaoajiri katika vituo vyetu watuletee nakala za mikataba na tarehe za mwisho wake mapema, ili ikama na bajeti zetu ziandaliwe kabla ya pengo kutokea.

Nanyi ndugu zangu, ofisi ya utumishi iko wazi saa zote za kazi, na ushauri hautozwi chochote. Njooni na karatasi zote mbili, hati za mshahara na taarifa za michango. Tutakaa tupige hesabu pamoja. Ombi langu ni moja: njooni wakati kalamu bado imefunikwa.